Alasiri ya Mtoto wa Lubumbashi



Ukimwuliza mtoto wa Kamalondo, wa Kenya au wa Katuba ni timu gani kubwa ya mpira iliyotoka katika mji wetu, atakutajia TP Mazembe kabla hujamaliza kuuliza. (Wapenzi wa Lupopo wanivumilie kidogo, zamu yao itafika.) Atakuhesabia na makombe: bingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Lakini ukimwuliza timu hiyo ilianzia wapi, huenda akakutajia tajiri fulani au kampuni fulani. Kumbe ilianza kama shughuli ya vijana wa masomo, kengele ya mwisho ikisha kulia. Mwaka 1939 watawa Wabenediktini waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface hapa mjini, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville, walitafuta jambo la kuwafaa wanafunzi ambao hawakuelekea upadri. Wakaunda kundi la skauti, na kutoka katika kundi hilo ikazaliwa timu iliyopewa jina la mtakatifu msimamizi wa skauti: FC Saint-Georges. Iliingia moja kwa moja katika daraja la kwanza la mashindano ya Waafrika, na mwisho wa msimu ikashika nafasi ya tatu.

Nimeanza na mpira kwa sababu ndio mnaoujua. Hata hivyo, makombe siyo ninayotaka tuyatafakari. Jambo langu ni zile saa zenyewe, kuanzia mtoto anapotoka darasani hadi jua linapozama. Katika parokia nyingi za jimbo letu vijana wanaombwa kuwakusanya watoto katika saa hizo, wawasaidie masomo, wawafundishe nyimbo na kuwachezesha. Wengi huianza kazi hii wakidhani ni jambo jipya, au ni jambo lililoletwa na wafadhili juzi juzi. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja hapa kwetu, na katika muda huo alasiri ya mtoto imegombaniwa na watu wengi: mapadri, kampuni, serikali na chama. Anayeanza kikundi leo anaingia katika ugomvi wa zamani, na inafaa ajue waliomtangulia walifanya nini.

Kijijini alasiri haikuwa na tatizo. Mtoto alikwenda na mjomba kuvua samaki, au na bibi shambani, au alikaa karibu na mfua chuma akipuliza moto. Hakuna aliyeita jambo hilo programu, nalo lilikuwa masomo kamili. Mji uliivunja alasiri hiyo. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière du Haut-Katanga likatoa shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Miaka ya mwanzo watoto walikuwa wachache, kwa maana kampuni iliajiri wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka kwa Waluba, kutoka Kasai, baadaye hata kutoka Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka. Ndipo kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampuni ikabadili njia: mkataba wa miaka mitatu, mfanyakazi aje na mke wake, apewe nyumba kambini, watoto wazaliwe na kukua hapohapo.

Hapo ndipo alizaliwa yule mtoto tunayemzungumzia. Baba yuko kazini kwa zamu. Mjomba amebaki kijijini, umbali wa siku nyingi. Shamba hakuna, mto wa kuvua hakuna. Masomo yanakwisha mchana, na mbele yake kuna barabara za kambi zilizonyooka na saa nne au tano zisizo na mwenyewe.

Wenyewe walijitokeza haraka. Kampuni iliwatazama watoto hao kama wafanyakazi wa kesho. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia kwa miaka mingi mambo ya wafanyakazi Waafrika wa Union Minière, alipanga malezi yao tangu maziwa ya mtoto mchanga hadi mazoezi ya viungo ya kijana, kwa hesabu ya wazi kwamba mtoto mwenye afya na adabu atakuwa mfanyakazi wa bei nafuu kuliko yule wa kutafutwa mbali. Serikali nayo iliogopa uzururaji. Kanisa lilikuwa na nia yake, na hapa inafaa tuseme kweli yote, maana vijana wengi hupewa historia ya misioni iliyooshwa na kupigwa pasi.

Wamisionari walipenda watoto, na walifanya kazi nyingi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuifanya. Wasalesiani waliofika mwaka 1911 wakiongozwa na Padri Joseph Sak walileta desturi ya Don Bosco, ile iliyoanza Torino tarehe 8 Desemba 1841 alipomkaribisha kijana mmoja mjenzi, Bartolomeo Garelli, ambaye msimamizi wa sakristia alikuwa amemfukuza. Oratorio ya Torino ilikuwa ya vijana waliokuja mjini kutafuta kazi, wasio na wazazi karibu, na kwa hiyo ilifaa mji wa shaba kuliko ilivyofaa vijiji. Lakini misioni hiyohiyo ilishirikiana na kampuni kwa karibu. Shule za kambi za Union Minière zilikabidhiwa Wabenediktini, na kampuni ililipa. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu mwaka 1910 hadi kifo chake mwaka 1958, alikuwa mtetezi mkubwa wa utawala wa Wabelgiji, wala hakuficha. Mbenediktini mwingine, Padri Grégoire Coussement, alijenga chama cha mpira cha Waafrika mjini, na kazi yake ilifanana na ile ya Padri Raphaël de la Kéthulle kule Léopoldville, ambaye watu wa Kinshasa wanamwita Tata Raphaël hadi leo na uwanja wao una jina lake. Mapadri hawa wawili waliwapa vijana furaha ya kweli. Papo hapo waliwasaidia wakubwa wa koloni kujua vijana wako wapi saa kumi jioni.

Nia hizi mbili zilikaa katika kiwanja kimoja, na mara moja ziligongana vibaya sana. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha kazi na bei ya chakula, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakidai mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Maron alifika na askari, mazungumzo yakashindikana, askari wakapiga risasi. Msemaji wao Léonard Mpoyi alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilitaja makumi ya wafu, na kumbukumbu za familia za wafanyakazi zinataja zaidi. Mwajiri alikuwa amewapa watu wake kiwanja ili wacheze na kutulia. Siku walipokitumia kusema neno lao wenyewe, kikawa mahali pa kifo. Sijui kama katekesi zetu za vijana zinaitaja siku hiyo inavyostahili. Nadhani hapana.

Sasa tutazame upande wa pili, maana vijana wa wakati ule hawakuwa udongo mikononi mwa watu wengine. Ile timu ya skauti iliitwa Saint-Paul kuanzia mwaka 1944. Baada ya miaka michache Wabenediktini wakaacha kuiongoza. Kwa kawaida hapo ndipo kikundi cha parokia hufa: padri amehamishwa, ufunguo wa ghala ya mipira haujulikani uko kwa nani, watoto wanakuja mara mbili wanakuta mlango umefungwa, mara ya tatu hawaji. Timu hii haikufa. Wachezaji na wenzao waliishika wenyewe, wakaipa jina la tairi za Englebert zilizouzwa wakati ule, wakaendelea. Baada ya uhuru waliipanga upya. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa nchi na Kombe la Kongo, na kwenye jina lake yakaongezwa maneno Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Mwaka uliofuata ikawa bingwa wa Afrika, baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambao hawakufika kwenye mchezo wa kuamua. Mwaka 1968 ikalitetea kombe mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Na Desemba 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilipofungwa na Inter Milan 3-0.

Na Lupopo? Nayo ni ya mwaka uleule wa 1939, nayo ilianza chini ya jina la mtakatifu, Éloi, msimamizi wa wafua vyuma, kwa kuwa ilitoka kwa watu wa reli. Wale hawakuwa watoto wa masomo, ila walikuwa na shida ileile: watu wengi, mbali na kwao, jua bado liko juu na kazi imekwisha.

Mpira umetuchukulia nafasi kubwa, nami nakiri napenda zaidi habari ya waimbaji. Katika miaka ya 1930 mwishoni Mbenediktini Anschaire Lamoral alikusanya wavulana wa masomo akawafundisha kuimba, na kwaya yao ikaitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilichaguliwa kwa akili. Msalaba mdogo wa shaba ulikuwa fedha ya nchi hii karne nyingi kabla Mbelgiji wa kwanza hajafika, ukafuliwa na wazee wetu, ukatumika kulipia mahari na bidhaa. Mtoto aliyeimba chini ya jina hilo aliambiwa, hata kama hakuna aliyelitamka, kwamba shaba haikuanza na Union Minière. Pamoja na Lamoral alifanya kazi Joseph Kiwele, Mkatanga, mwalimu wa muziki na mtunzi, ambaye misa yake iitwayo Missa Katanga ilichukua ngoma na mwendo wa nyimbo za kwetu miaka kadhaa kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungua mlango huo kwa Kanisa zima. Kiwele baadaye aliingia siasa: alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga iliyojitenga, akautungia wimbo wake wa taifa, akafariki mwaka 1961. Mambo ya kujitenga kwa Katanga bado yana maumivu na sitayafungua hapa. Linalonigusa ni hili, kwamba miongoni mwa waliofundisha watoto alikuwamo mwalimu aliyejua nyimbo ambazo mama zao waliwaimbia.

Hapa nasema neno kama mtu aliyetumia miaka yake kuwaandaa walimu. Kosa ninaloliona mara nyingi katika vikundi vya alasiri ni kurudia darasa. Mtoto ametoka kukaa kwenye benchi saa tano, watoto wenzake wamembana kulia na kushoto, mwalimu ameandika ubaoni kwa Kifaransa, naye akinakili asichokielewa. Halafu anakuja parokiani, anakuta kijana mwenye chaki, anaandika ubaoni kwa Kifaransa. Kwa nini asikimbie? Kadiri anavyopanda madarasa ndivyo Kifaransa kinavyotawala, ilhali nyumbani kwake kuna Kiswahili, pengine na Kibemba au Kiluba. Anachokihitaji alasiri ni mtu wa kumweleza hesabu ileile kwa lugha anayoicheka na kuililia, amwache aulize mpaka achoke, kisha amsaidie kuisema tena kwa Kifaransa. Hili halihitaji vitabu vingi. Linahitaji kijana mwenye subira na watoto wachache mbele yake, sita au wanane, wala siyo sitini.

Nirudi kwenye historia. Wakati vijana wa Englebert wakiishika timu yao, watoto wa kambi waliendelea kulelewa na kampuni. Union Minière ilitaifishwa, ikawa Gécamines, na Gécamines ilibaki baba: shule, hospitali, unga, viwanja, vituo vya akina mama, bendi. Waliokulia humo bado wanasimulia kwa machozi ya furaha, na siwalaumu, kwani kweli walishiba na walisoma. Kisha baba akaugua. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, mwaka 1991 ukaja uporaji, na mwaka 1992 na 1993 chuki za kisiasa zikawafukuza ndugu zetu wa asili ya Kasai kutoka katika mkoa, wengi wao wakiwa wafanyakazi na walimu. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya familia hizo, na kichwa chake kinasema kwamba Bana Shaba wametupwa na baba yao.

Alasiri ya watoto hao ilianguka pamoja na yote mengine. Viwanja viliota majani, walezi walikosa mshahara, na kwa kuwa hakuna mzazi aliyewahi kuulizwa neno juu ya shughuli zile, hakuna aliyejua namna ya kuziendeleza. Tofauti yake na Saint-Paul haikuwa fedha. Wabenediktini walipoondoka hawakuacha fedha nyingi kuliko Gécamines. Lakini katika ile timu kulikuwa na vijana waliokwisha zoea kupanga safari, kukusanya michango, kugombana juu ya nahodha na kupatana. Kambini kila kitu kilifika kikiwa tayari.

Kuna mwenye alasiri mwingine ambaye wazazi wenu wanamkumbuka, naye ni chama. Mwaka 1972, katika ugomvi wa Rais Mobutu na Kanisa, ugomvi uliompeleka Kardinali Joseph Malula uhamishoni Roma kwa muda, vyama vya vijana vya kidini vilifutwa na nafasi yao ikachukuliwa na JMPR, tawi la vijana la chama tawala. Skauti, Kiro na Xaveri wakafungwa midomo. Mwaka 1974 shule za misioni zikatwaliwa na serikali, zikarudishwa chini ya uangalizi wa makanisa kwa mapatano ya Februari 1977. Katika miaka hiyo watoto walitolewa darasani kwenda kucheza na kumwimbia Kiongozi barabarani. Nazo zilikuwa shughuli za nje ya darasa, zenye nyimbo, ngoma, mavazi na nidhamu. Mtu akipima kazi na watoto kwa wingi wa watoto waliosimama uwanjani tu, basi hakuna aliyefanya kazi kubwa kuliko JMPR.

Kanisa lilipokosa vyama vyake lililazimika kufikiri upya. Kinshasa, Padri Ignace Matondo, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, vijana wa nuru, bila sare wala bendera ya kuivutia serikali, kwa vikundi vidogo vyenye mlezi mtu mzima na safari ya malezi yenye hatua zake. Njia hiyo ilienea. Nyinyi mnaokutana leo katika vikundi vya parokia, na wadogo zenu wa Kizito-Anuarite, mmerithi mengi kutoka kwa mapadri na walei waliofungiwa mlango mkubwa wakapita ule mdogo.

Miaka ya njaa ya Gécamines ilileta pia watoto ambao alasiri yao haikuwa na mwisho, kwani hawakuwa na nyumba ya kurudi jioni. Wengine walifukuzwa wakiitwa wachawi, wengine mama alifariki, wengine walifuata rafiki hadi sokoni na kituo cha magari wakabaki huko. Wasalesiani waliwafungulia nyumba zenye jina la Mwenye Heri Isidore Bakanja, yule kijana mfanyakazi aliyepigwa hadi kufa kwa ajili ya skapulari yake na kutangazwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja-Ville, katikati ya mji, mlango uko wazi: mtoto wa mitaani huingia jioni, huoga, hula, hulala, na mchana wapo wanaofundishwa masomo ya kufidia miaka waliyopoteza. Hakuna anayelazimishwa kukaa. Wapo wanaoingia na kutoka mara nyingi kabla ya kukubali kurudi darasani au kwa jamaa zao. Walezi wenye haraka hawadumu katika kazi hiyo.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haina malipo. Ni neema kwa maskini, nami naiunga mkono, lakini kila mwalimu aliyeko darasani anajua ilivyokuja: watoto walifurika, vyumba havikuongezeka, na katika shule nyingi wanasoma kwa zamu, hawa asubuhi, wale mchana. Kwa hiyo alasiri ya mtoto imekuwa ndefu kuliko ya babu yake wa mwaka 1939, na kwa yule wa zamu ya mchana imehamia asubuhi. Mtaani kuna wanaomsubiri. Kuna maji ya mfuko ya kuuza barabarani, kuna makaa ya kubeba, na karibu na machimbo kuna mawe ya kuokota, kupasua na kuosha, mawe ambayo yatanunuliwa na mtu asiyeuliza aliyeyaosha ana umri gani. Mama anayemtuma mtoto huko siyo mama mbaya. Bukari ya jioni inatoka humo. Kikundi kinachomwambia mtoto aache biashara aje kuimba, bila kuzungumza na mama yake, kitampoteza mtoto huyo ndani ya wiki mbili.

Ndiyo maana nawaomba wanaotaka kuanza, waanze kwa kutembelea nyumba kabla ya kutafuta mipira. Wajue nani anasoma zamu ipi, nani anauza, nani analea wadogo zake. Wachague siku mbili kwa wiki wanazoweza kuzishika mwaka mzima, mvua ikinyesha na padri akiwa safarini, kuliko siku tano za shauku zitakazokufa kabla ya Noeli. Ufunguo uwe mikononi mwa watu wawili au watatu, mmoja wao mzazi. Na katika kila chumba wawepo walezi wawili, mlango wazi, kwa usalama wa watoto na kwa heshima ya walezi wenyewe. Watoto wakubwa wapewe kazi ya kweli: kuandika majina, kutunza vitabu, kuamua mchezo. Vijana wa Saint-Paul wasingeiokoa timu yao kama wangengoja kupewa jezi tu.

Bado kuna deni moja ambalo msomaji makini amekwisha kuliona. Karibu kila jina nililolitaja ni la mwanamume. Skauti wale walikuwa wavulana, waimbaji wa Lamoral wavulana, wachezaji wavulana. Wasichana wa kambi walikuwa na vituo vyao, ambako walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, ili mfanyakazi wa kesho apate mke wa kumtunza. Baada ya vituo hivyo kufa, hawakurithi kitu. Hata leo, mkikusanya watoto saa kumi jioni na kuhesabu vichwa, mtaona wavulana wawili au watatu kwa msichana mmoja, na mtu atasema wasichana hawapendi. Nendeni wakati huohuo kwenye bomba la mtaa mkawaone walipo, kila mmoja na ndoo yake, kwenye foleni. Kikundi kinachotaka wasichana waje hakina budi kuwauliza mama zao maji yanatoka saa ngapi, kisha kipange saa yake.